Siku Nilipomfunga Kavira Juu ya Farasi

Farasi akifungwa mkanda wa tumbo, hujaza hewa. Hilo mlijue kwanza, ninyi vijana mnaoanza kushika kamba pale uwanjani. Unavuta mkanda mpaka jasho linakutoka, unajisifu umekaza, kumbe mwenzako amevimbisha tumbo makusudi. Ukigeuka tu anatoa pumzi, na mkanda unabaki unacheza kama sketi ya mtu aliyekonda. Baluku alikuwa bingwa wa ujanja huo. Siku moja alinifanyia hivyo mbele ya wageni kutoka Kasese mjini. Tandiko lilizunguka polepole mpaka likaning'inia chini ya tumbo lake, naye akasimama akiangalia milima kama mtu asiyehusika. Kwa hiyo kaza, mtembeze hatua kumi, halafu kaza tena. Mimi hili sikulisoma mahali, nilifundishwa na aibu.

Biira wetu wa hospitali ameniomba niwaandikie mambo ya kazi. Anasema mnanisifu, mnasema bibi yenu, Mukaka Mbambu, hakuwahi kukosea. Sifa hiyo imeninyima raha. Nikaona afadhali niwaandikie kosa, tena kubwa kuliko yote, kwa sababu hata yale mazuri mnayonishukuru kwayo yalitokea humo. Nina daftari zangu za miaka ile. Nilisoma mpaka darasa la tano tu, na Kiswahili changu ni cha sokoni kikachanganyika na cha katekisimu, basi mnivumilie. Na pale nitakapojipendelea, Biira yupo, atanisahihisha.

Uwanja wetu wa kuwapandisha farasi watoto wenye ulemavu ulikuwa shamba la pamba la zamani, kando ya barabara iendayo Mpondwe, kabla hujafika Bwera. Nilikwenda pale kufua. Zile nguo nene za chini ya tandiko hunywa jasho la farasi, na zikikauka bila kufuliwa humchubua mgongo. Farasi wawili walikuwa wameletwa kwa lori kutoka mbali, wazee kidogo, wamechoka kubeba matajiri. Watu walitoka hata Nyakiyumbu kuja kuwatazama. Mzee mmoja aliuliza maziwa yao yanauzwa wapi. Mwingine, akiwa amekunja mikono, alisema mnyama asiyekamuliwa, asiyeliwa na asiyelima ni mgeni tu, wala hatakaa.

Majina waliyokuja nayo tulishindwa kuyatamka. Tukawapa majina kama watoto wa nyumba moja, kwa mpangilio wetu Wakonzo: jike wa kwanza Masika, dume wa kwanza Baluku. Mkubwa wetu wa kazi tulimwita Afande. Alikuwa mwanajeshi mstaafu kutoka upande wa Ankole, na huko Kampala aliwahi kutunza farasi miaka mingi. Alikubali majina yale kwa shida.

"Sasa dume ingine ikikuja?" aliuliza.

"Ataitwa Bwambale."

"Na kama mimi nataka kuita yeye Simba?"

"Afande, mtoto wa pili haitwi Simba."

Bwambale hajaja mpaka leo, lakini kibanda chake kilijengwa, na nasikia ninyi mnawekamo majembe.

Kiswahili cha Afande kilikuwa cha kambini, hakikuwa na tafadhali. Siku yangu ya kwanza nilipita nyuma ya Masika na beseni la nguo kichwani. "Wewe mama! Unapita nyuma ya farasi, umekata tikiti ya kaburi? Zunguka mbele! Ongea! Yeye asikie wewe iko wapi!" Nililia kidogo nyuma ya tangi la maji. Lakini nisimsingizie mtu aliyenipa kazi ya maisha yangu. Ni yeye aliyeniona nikiongea na Masika kwa Lhukonzo huku nikimsugua, akaninyang'anya beseni na kunipa kamba. Akanifundisha kusimama kwenye bega la kushoto, kuacha kamba ilegee, kulisha kwa kiganja kilichonyooka ili kidole kisihesabiwe kama karoti. Alinifundisha kuinua mguu na kuchokoa kwato kutoka kisigino kwenda mbele, kila asubuhi, hata kama jana hakutembea. Aliponikamata nimewapa maganda ya muhogo, kwa sababu kwetu huruma yote huanzia jikoni, aliyamwaga chini. "Farasi hapana ng'ombe. Ng'ombe iko na tumbo ine ya kurekebisha makosa yako. Huyu hata kutapika hawezi. Wewe ukikosea, yeye anakufa."

Na mbung'o. Upande wa hifadhi, kule Mweya, upepo ukivuma kutoka huko, washeni samadi kavu mapema, moshi uzunguke mabanda. Msiseme kesho.

Sasa nije kwa Kavira.

Alikuwa na miaka saba. Mama yake alikuwa mfanyabiashara wa mawese na samaki wakavu pale sokoni Mpondwe, Mkongo aliyevuka kutoka upande wa Beni wakati mambo ya kule yalipoharibika. Binti yake mkubwa alibaki Butembo kwa shangazi. Kavira alizaliwa kwa taabu, akachelewa kulia, na viungo vyake vikabaki havisikilizani. Akili alikuwa nayo, macho yake yalikufuata kama ya hakimu. Maneno alikuwa nayo machache, yalitoka yakijivuta. Lakini ukimketisha alimwagika kama unga. Kwa hiyo miaka yote saba aliishi mgongoni mwa mama yake, ndani ya kitenge. Miguu yake ilikuwa imefika kwenye vigimbi vya mama, inampiga kila hatua, na mama mwenyewe alianza kutembea ameinama kama anayetafuta sindano.

Alimpeleka shule. Mwalimu mkuu, na shule yake sitaitaja, alimjibu hivi: "Mama, darasa la kwanza lina watoto wengi na mwalimu mmoja. Akiweza kukaa mwenyewe kwenye benchi kutoka kengele mpaka kengele, nitamwandika. Asipoweza, nani atamshika?"

Nilimchukia mtu yule wiki nzima. Halafu nikajiuliza, kweli, nani angemshika? Nikakosa jibu, nikaacha kumchukia.

Mama Kavira alipofika uwanjani mara ya kwanza, hakumshusha mtoto. Aliongea akiwa amembeba. "Mwaka kesho sitaweza kumubeba tena. Mugongo inakataa. Atabaki mu nyumba, ataangalia ukuta. Mimi nitaenda sokoni, yeye na ukuta, mimi sokoni, yeye na ukuta. Munisaidie."

Biira, ambaye alikuwa ananyoosha viungo vya watu hospitalini na kutujia siku mbili kwa wiki, alimweleza kwa subira. Farasi akitembea, mgongo wake humsukuma aliyepanda kushoto, kulia, mbele, nyuma, sawasawa na kiuno cha mtu anayetembea. Mtoto ambaye hajawahi kutembea anapewa kutembea kwa kuazima. Mwili wake unajifunza kujirudisha katikati. Mimi ninamwongoza farasi, watu wawili wanatembea kando, kila mmoja mkono wake juu ya paja la mtoto. Mama akiwa mmoja wao ni vizuri zaidi.

"Na jina ya farasi?"

"Masika," nikasema.

Mama akacheka kwa mara ya kwanza. "Eh! Dada yake mukubwa iko Masika! Kavira, angalia yaya yako, iko na masikio murefu!"

Tangu siku hiyo Kavira alimwita farasi Yaya, yaani dada mkubwa kwa Kiswahili cha kwao. Alianza kwa kulalia shingo yake kama gunia. Baada ya wiki chache aliinua kichwa. Baada ya nyingine aliweka viganja kwenye vishikio vya tandiko, na mgongo ukaanza kujitafuta. Lakini mama hakutulia. Hakuweka mkono pajani, alikumbatia kiuno cha mtoto chote, akitembea kwa ubavu kama kaa, mpaka Biira akawa anamwambia kila mara, "Mama, ukimshika hivyo, ni wewe unayekaa."

Siku ya kosa, Masika alikuwa na jiwe kwenye kwato, Afande alikuwa nyuma ya mabanda akimshughulikia. Biira alikuwa bado anajaza karatasi zake kibandani, akatuambia tungoje. Hatukungoja. Nilimtoa Baluku, nikamweka Kavira juu yake. Hayo ni makosa mawili tayari, na yote ni yangu.

Mama Kavira akanisogelea, sauti chini. "Mama Mbambu, weye umezaa. Hawa wengine ni ba masomo. Tuseme kweli, mutoto anafungwa."

Na mimi nilimwona ana haki. Mnielewe vijana, hakunidanganya wala hakunilazimisha. Nimebeba watoto sita mgongoni, wangu na wa dada zangu, kwenye miteremko ya Bwesumbu ambako ukiteleza unaokotewa mtoni. Nimelima nao, nimechuma kahawa nao, nimebeba kuni nao. Fundo langu halijawahi kuangusha mtoto. Nilijua kanuni ya Afande kwamba aliyepanda hafungwi kamwe. Nikadhani ni kanuni ya wanaume, watu wasiojua kubeba.

Nikachukua kitenge, nikakizungusha kiunoni mwa Kavira, nikakipitisha kwenye vishikio, nikafunga upande wa kushoto. Fundo zuri. Nilisimama hata nikalitazama.

Tulitembea mzunguko mmoja. Kavira alikaa wima kama binti wa mfalme, na mama yake kwa mara ya kwanza aliondoa mikono. Mzunguko wa pili upepo ukashuka kutoka milimani. Ncha ya kitenge, ambayo nilikuwa nimeiacha ndefu, ikapeperuka ikampiga Baluku ubavuni. Akaruka pembeni kama aliyeungua. Ncha ikampiga tena kwa sababu ameruka, naye akaruka tena kwa sababu imempiga. Kavira akateleza. Mtoto asiyefungwa angetuangukia mikononi, tungekula vumbi pamoja, yangeisha. Huyu hakuweza kuanguka. Alining'inia ubavuni mwa farasi, kichwa chini, kando ya zile kwato nilizokuwa nazichokoa kila asubuhi.

Mikono yangu ilitaka kuvuta kamba. Afande alikuwa amenirudia mara elfu: ukivuta, na yeye anavuta, na yeye iko na kilo mia tano. Nikalegeza. Nikamfuata Baluku, nikamwelekeza kwenye duara, duara dogo, dogo zaidi, nikimwambia kwa Lhukonzo maneno ambayo sijui yalikuwa nini. Akasimama, anatetemeka. Mama anapiga kelele. Nikashika fundo langu, likakataa. Uzito ulikuwa umelikaza mpaka limekuwa kama jiwe. Miaka yote sikuwahi kuona fundo langu upande huo, upande wa anayetaka kutoka.

Afande alikuja mbio na kisu, akakata. Kavira akadondoka mikononi mwake. Alikuwa na mchubuko shavuni na vumbi mdomoni. Hakulia kwa sauti. Alifungua mdomo tu.

"Nani amefunga?" Afande akauliza.

"Ni mimi," akasema Mama Kavira. "Ni mimi, papa. Nilitaka afungwe."

Nikanyamaza.

Nimejaribu kuandika sentensi hiyo kwa njia nyingine, hakuna. Nilinyamaza. Afande akamwambia mama aende nyumbani akamtunze mtoto. Akaondoka na Kavira mgongoni, wamefungwa kwa kipande cha kitenge kilichobaki. Daftari langu la siku ile lina mstari mmoja: "Leo Baluku alishtuka." Si uongo, na kwa sababu si uongo nililala. Kesho yake sikulala.

Hawakurudi wiki hiyo, wala iliyofuata. Kila siku ya zamu ya Kavira nilimtandika Masika, nikamfungua. Siku ya tano ya kumtandika bure, nilimkuta Afande ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anapaka mafuta hatamu.

"Afande, ile siku, ni mimi niliyefunga."

Hakuinua kichwa. "Fundo ilikuwa kushoto. Mama ilikuwa anasimama kulia. Mimi nimekata hiyo fundo, unafikiri sina macho?"

"Ulijua?"

"Mimi nilikuwa nangoja mdomo yako." Akaendelea kupaka mafuta muda mrefu. Nilifikiri ndiyo nimefukuzwa, nikaanza kuhesabu vitu vyangu vilivyo pale: gumbuti, kikombe, koti. Kisha akasema, "Wewe ulipolegeza kamba, wewe iliokoa mutoto. Wewe ulipofunga, wewe iliua yeye karibu. Mtu moja. Siku moja. Sasa kwenda sokoni, lete mama."

Vijana, nimesikia maneno ya mapadri na ya wanasiasa. Hayo ya Afande ndiyo niliyoyabeba. Hakuniondolea kosa kwa sababu ya zuri, wala hakuninyang'anya zuri kwa sababu ya kosa.

Mpondwe siku ya soko mnaijua. Nilimkuta nyuma ya madumu ya mawese, Kavira amelazwa kwenye magunia, anaangalia turubai. Nilisema yote nikiwa nimesimama, mbele ya wateja, kwa sababu nilijua nikikaa sitasema.

"Mais, lakini weye ulinyamaza," akasema.

"Nilinyamaza."

"Minasema ni mimi, weye unaangalia chini."

"Ndiyo."

"Juu ya nini?"

"Niliogopa kupoteza kazi."

Muuza samaki wa jirani, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta, akaingilia. "Huyu ndiye ule mama wa punda?"

"Ni farasi," nikasema.

"Punda, farasi, yote iko na mukia. Mwenyewe ulishapanda?"

"Bado," nikasema. Miaka yote hiyo nilikuwa nimemsugua farasi, nimemlisha, nimemwongoza, nimepandisha watoto wa watu juu yake. Mwenyewe sikuwahi.

Mama Kavira akanitazama, na kitu kikabadilika usoni mwake. "Eh. Hajapanda! Anapandisha batoto ya benzake, yeye hajapanda!" Wakacheka mpaka muuza samaki akaketi. Nilistahili. Kisha Mama Kavira akafuta macho. "Bon. Tutarudi. Lakini kwanza upande weye. Bila kitenge. Na kamba nitashika mimi."

Basi nikapanda. Mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwenye nyama zake, na gauni limefungwa juu ya suruali ya Afande. Walileta sanduku la kukanyagia, kisha sanduku la pili juu ya la kwanza. Afande alisukuma kutoka chini akinung'unika, "Masika, samehe sisi." Na Kavira, akiwa mikononi mwa Biira, alicheka sauti ambayo hatukuwa tumewahi kuisikia, kama kikohozi chenye furaha.

Sikujua kwamba ni juu sana. Sikujua kwamba mgongo wa farasi ni kitu kinachoishi, kinachopumua kati ya miguu yako. Mama Kavira akavuta kamba, Masika akaanza, na mimi nikatafuta kitu cha kushika.

"Mikono mapajani," akasema Biira.

"Nitaanguka!"

"Tuko hapa."

Kiuno changu kikaenda kushoto bila ruhusa yangu. Nikajua ndiyo naanguka. Halafu kikarudi. Kikaenda kulia, kikarudi. Sikufanya kitu. Kila nilipodhani nimeondoka, hatua iliyofuata ilinirudisha. Baada ya mzunguko mmoja niligundua kwamba nilikuwa nimeacha kusali.

Mama Kavira alikuwa anatembea kinyumenyume sasa, ananitazama kiuno, kamba imelegea mkononi mwake kama ya mtu aliyezoea. "Kumbe inakurudisha," akasema polepole. "Kumbe haimutupi. Inamutupa kidogo, na inamurudisha." Akasimama. "Na mimi nilikuwa namukatalia ile ya kidogo."

Tangu hapo tulifanya kazi. Biira alimfundisha mama kuondoa mkono kidole kwa kidole. Wiki hii vidole vitano pajani, wiki ijayo vinne. Ilipofika kidole kimoja, mama alikuwa anatoka jasho kuliko farasi. Kavira alianguka mara tatu, mara zote mikononi mwetu, na mara ya tatu alisema "tena" kabla hatujamweka sawa. Siku moja mkono wa mama ulikuwa hewani mzunguko mzima, na sote tukatembea kwa kunyata, tukiogopa kuamsha kitu.

Tukampeleka kwenye benchi.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa tulikosea wote, hata wenye masomo. Mwalimu mkuu alimpokea kwa heshima, akamweka kati ya wasichana wawili. Kavira akakaa wima. Akakaa. Halafu akaanza kuegemea kushoto, polepole, huku uso wake unashangaa, akamlalia mwenzake begani, wakaenda chini wote wawili. Akainuliwa. Akaenda tena.

Benchi halitembei. Ndilo tulilosahau. Tulikuwa tumemfundisha kukaa juu ya kitu kinachomrudisha, na benchi halimrudishi mtu.

Mwalimu mkuu hakutucheka. "Muhula ujao mje tena," akasema, "nafasi yake sitampa mtu." Nayaandika maneno yake kwa sababu nilimsema vibaya hapo mwanzo. Nilitembea na Mama Kavira mpaka njia panda. Hapo akasema, "Mugongo yangu iko na muhula moja. Labda na nusu."

Kwa hiyo tukabadilisha kazi. Tulitembeza, kisha tukasimamisha. Kutembea hatua ishirini, kusimama kwa pumzi kumi. Kisha ishirini. Kisha mpaka wimbo mmoja wa kanisani uishe, beti zote. Kavira alijifunza kujirudisha mwenyewe, bila kuazima. Lakini ninachotaka mjue ni kazi ya Masika. Watu hudhani farasi hufanya kazi akitembea. Mwambie asimame, juani, Kasese hii, nzi machoni, mtoto anayeyumba mgongoni, asihamishe hata mguu mmoja. Baluku hakuweza. Masika aliweza. Ngozi yake ilikuwa inatetemeka pale nzi alipotua, ngozi tu, na chini ya ngozi alikuwa ametulia kama nyumba. Mimi nilisimama na tawi namfukuzia nzi, na hiyo ndiyo kazi yangu niliyoifanya vizuri kuliko zote, kupunga tawi. Amekwisha kufa Masika. Ugonjwa wa mbung'o, pamoja na moshi wetu wote. Sijui kama nilimshukuru ilivyopasa. Nilimwambia kila siku, lakini kwa Lhukonzo, na yeye alizaliwa mbali.

Muhula ukafika. Tulikwenda watatu: mama, Kavira mgongoni, na mimi. Darasa la kwanza lilikuwa na dirisha lisilo na kioo, tukasimama nje, kando ya ukuta, ili asituone. Kengele ya shule ile ni rimu ya lori iliyotundikwa. Ikagongwa. Mwalimu akaanza kuimbisha herufi.

Sina saa. Najua tu kwamba jua lilitoka kwenye bega langu likaja usoni. Kavira aliyumba kushoto, mama yake akashika mkono wangu. Akajirudisha. Akayumba mbele mpaka kidevu kikakaribia dawati, akabaki hapo, na nikasema moyoni basi. Akainuka, taratibu, kama mtu anayevuta ndoo kisimani. Msichana wa kando alinyoosha mkono kumsaidia, Kavira akausogeza kwa kiwiko. Mama yake alikuwa anasema kitu kwa sauti ndogo, si sala, alikuwa anahesabu, akifika kumi anaanza upya.

Rimu ikagongwa.

Watoto wakalipuka nje kama kuku waliofunguliwa. Wakatupita, vumbi likatufunika. Mwalimu naye akatoka na chaki zake. Vumbi lilipotulia, nikachungulia. Kavira alikuwa peke yake katikati ya darasa tupu, wima, viganja juu ya dawati. Mama yake alikuwa tayari mlangoni, ameshafungua kitenge, ameinama kumgeuzia mgongo apande.

"Mama," Kavira akasema. Maneno yake yalikuwa yanajivuta, tukangoja. "Ngoja inje."

Mama akakikunja kitenge. Kisha akanyooka, akatoka, akaja akasimama nami dirishani. Ndani, mtoto ambaye tangu azaliwe hakuwahi kukaa mahali bila mwili wa mtu karibu, alikuwa anageuza kichwa, anaangalia ubao, anaangalia madawati, anaangalia mlango.

Tulimngoja.